Ruhusa, idhini, haki na mamlaka katika usimamizi wa vifaa vya mtandao

Programu ya kusimamia vifaa vya mtandao humwezesha fundi aliyeketi mahali pamoja kuangalia na kubadili ruta, swichi na vituo vya Wi-Fi vilivyotawanyika katika majengo mengi. Sehemu yake nyeti kuliko zote huwa ni ukurasa mmoja mfupi, ule unaotaja nani aone nini na nani aguse nini. Maneno ya ukurasa huo ni machache, na Kiswahili kina akiba ya kuyatosheleza. Kasoro ya tafsiri nyingi ni kuyatumia maneno ruhusa, idhini, haki, mamlaka na kibali kana kwamba ni visawe. Katika barua ya kawaida mchanganyiko huo haumdhuru mtu. Katika mwongozo wa usanidi, msomaji hubonyeza kitufe kwa kufuata neno aliloliona.

Nomino na mipaka yake

*Ruhusa* nm [i-/zi-] ni tamko kwamba jambo fulani halikatazwi. Mwanafunzi huomba ruhusa ya kutoka darasani. Akipewa, hajawa kiranja. Ndivyo ilivyo katika programu: ruhusa ni kipimo kidogo kabisa, yaani tendo moja juu ya kitu kimoja. Kuona orodha ya swichi ni ruhusa. Kuzima mlango mmoja wa swichi ni ruhusa nyingine. Kwa kuwa zinahesabika, hakuna ubaya kusema *ruhusa kumi na mbili* au *ruhusa hizi*.

*Idhini* nm [i-/zi-] humwelekeza msomaji kwa mtoaji. Panapo idhini pana mtu aliyeulizwa, naye akakubali. Neno hili hufaa mahali ambapo ombi linakwenda na jibu linarudi: mabadiliko ya usanidi yanayosubiri idhini ya msimamizi kabla ya kutumwa kwenye vifaa, au seva inayoulizwa kuhusu kila amri kabla amri hiyo haijatekelezwa. Lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, zote mbili zinafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Fundi aliyeingia kwenye ruta kwa akaunti iliyosahauliwa kufungwa anaweza kuwa na uwezo wa kiufundi wa kuingia huku hana idhini. Mfasiri anayeandika *ruhusa* kwa yote mawili hufuta tofauti ambayo siku moja huenda ikaulizwa mahakamani.

*Haki* nm [i-/zi-] ni kile ambacho mtu anaweza kukidai. *Haki za ufikiaji* ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka, na haina haja ya kupigwa vita. Hata hivyo, *haki za mtumiaji* ikisimama peke yake huchukuliwa kwa urahisi, hasa nchini Kenya, kuwa ni haki za mnunuzi wa bidhaa. Aidha, anayeambiwa kwamba *haki zake zimeondolewa* huelewa kwamba amedhulumiwa, ilhali kilichotokea ni kuhamishwa kutoka kikundi kimoja hadi kingine. Mahali pa ujumbe kwa mtumiaji, *ruhusa* ni neno la amani zaidi.

*Mamlaka* ni uwezo wa jumla unaotokana na nafasi. Matumizi ya ngeli yana faida hapa: *mamlaka haya* ni uwezo alionao mtu, na *mamlaka hii* ni taasisi, kama vile Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwongozo unaosema *mamlaka hii imebadilishwa* humfanya msomaji atafute ofisi. Katika programu, neno hili lihifadhiwe kwa fungu la ruhusa nyingi zinazokwenda pamoja, hususan viwango vya mamlaka vinavyojadiliwa hapa chini.

*Kibali* nm [ki-/vi-] ni hati: kibali cha ujenzi, kibali cha kazi. Nafasi yake katika somo hili ni ndogo. Hufaa kwa pasi ya maandishi yenye tarehe ya mwisho, mfano ile anayopewa mkandarasi wa siku tatu.

Yafaa kuongeza *wadhifa* (wingi: *nyadhifa*). Utaratibu wa kugawa ruhusa kwa nafasi ya kazi badala ya kwa mtu mmoja mmoja ulielezwa rasmi mwaka 1992 na David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST. Ruhusa hufungwa kwenye nafasi. Watu huingia na kutoka katika nafasi hiyo. Baadhi ya tafsiri huiita nafasi hiyo *jukumu*, lakini jukumu hutaja analopaswa mtu kufanya, wala halitaji anachoruhusiwa kugusa. Mtu anaweza kuwa na jukumu la kutunza swichi na bado asiwe na ruhusa ya kuzizima. *Wadhifa* hubeba pande zote mbili, na pia hukubali maneno ambayo Kiswahili cha ofisini kinayatumia tayari: mtu huteuliwa, hukaimu, huhamishwa, na uteuzi wake hutenguliwa.

Uthibitishaji, uidhinishaji, uwekaji kumbukumbu

Fundi anapotaka kuingia kwenye kifaa, maswali mawili hujibiwa. La kwanza: je, huyu ni yule anayejitaja? Huo ni *uthibitishaji*, na ushahidi wake ni nywila, cheti au ufunguo. La pili: kwa kuwa ni yeye, afanye nini? Huo ni *uidhinishaji*. Maneno haya mawili yanafanana kwa umbo na kwa sauti, hivyo huchanganywa hata na wanaojua tofauti yake. Panapokuwa na hatari ya mkanganyiko ni afadhali kurefusha: *uthibitishaji wa utambulisho* na *utoaji wa idhini*. Urefu huo haumchoshi msomaji kama unavyomchosha usiku wa kutafuta kwa nini mtu aliyethibitishwa anakataliwa kila amri.

Tofauti hii imo ndani ya itifaki zenyewe. RADIUS, ambayo maelezo yake yanayorejelewa ni hati RFC 2865 ya mwaka 2000, hurudisha majibu ya maswali yote mawili katika ujumbe mmoja wa kukubali: aliyetambuliwa hupewa papo hapo sifa za kile atakachofanya. TACACS+, iliyoelezwa katika RFC 8907 ya mwaka 2020, hutenganisha hatua hizo, na seva yake inaweza kuulizwa upya kwa kila amri anayoiandika fundi. Kwa sababu hiyo sentensi *seva ya RADIUS imemruhusu mtumiaji* inaweza kusimama, kwa kuwa mambo mawili yalifika pamoja. Sentensi *seva ya TACACS+ imemruhusu mtumiaji* haijamaliza kusema. Imemruhusu kuingia, au imemruhusu kuandika amri hii?

Jambo la tatu linaloambatana na hayo mawili ni lile ambalo Kiingereza hukiita “accounting”. Wafasiri wengi huandika *uhasibu*, na msomaji hujiuliza fedha zimeingiaje. Kinachofanyika ni kuandika nani aliingia saa ngapi, alitoa amri zipi na alitoka lini. *Uwekaji kumbukumbu za matumizi* ndiyo maana yenyewe.

Upendeleo si mamlaka

Kosa lililoenea kuliko mengine ni kufasiri “privilege” kuwa *upendeleo*. Kamusi ndogo hutoa neno hilo bila onyo, na mfasiri huliamini. Lakini *upendeleo* kwa msemaji wa kawaida ni kumbeba mtu asiyestahili. *Akaunti yenye upendeleo* husikika kama habari ya rushwa. Katika vifaa vya Cisco vinavyotumia mfumo wa IOS kuna viwango 16, kuanzia 0 hadi 15. Kiwango cha 0 kina amri chache mno, kama ya kutoka na ya kuomba msaada. Kiwango cha 1 ni cha mtazamaji wa kawaida. Kiwango cha 15 kinafungua kila kitu. Hivyo ni *viwango vya mamlaka*.

Viwango hivyo humlazimu mfasiri kuwa mwangalifu na kitenzi *kuona*. Msimamizi anaweza kuishusha amri ya kuonyesha usanidi unaotumika hadi kiwango cha 5, tuseme, akitumaini kwamba fundi wa kiwango hicho atausoma usanidi wote. Hatausoma: katika kiwango cha chini, amri hiyo huonyesha zile sehemu tu ambazo mtumiaji wa kiwango hicho anaweza kuzibadili. Mwongozo unaosema *kiwango cha 5 kinaruhusu kuona usanidi* umesema kweli kuhusu amri na umempotosha fundi kuhusu matokeo.

Kanuni ya usalama ambayo Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliieleza mwaka 1975, kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa seti ndogo kabisa ya ruhusa zinazohitajika kuimaliza kazi yake, imepata majina kadhaa ya Kiswahili. *Kanuni ya upendeleo mdogo* ni mbaya kwa sababu iliyotajwa. *Kanuni ya mamlaka ya chini kabisa* humfanya msomaji adhani kila mtu awekwe kiwango cha 0. *Kanuni ya ruhusa kwa kadiri ya kazi* inaeleza kipimo chenyewe, nayo ndiyo inayopendekezwa hapa.

Mahali pa “tu”

Nomino zikishawekwa sawa, sarufi nayo hudai haki yake. Chukua mfano wa chuo chenye swichi arobaini na fundi anayekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu. Agizo la kumfungulia akaunti linasema:

*Apewe ruhusa ya kusoma usanidi tu.*

Sentensi ni fasaha, na ina maana mbili. Msimamizi mmoja ataelewa kwamba tendo ndilo lenye mpaka: asome, asibadili. Mwingine ataelewa kwamba kitu ndicho chenye mpaka: afikie usanidi, asifikie kumbukumbu za matukio wala orodha ya watumiaji. Wa kwanza ataacha kumbukumbu wazi. Wa pili, ikiwa programu yake ina kisanduku kimoja cha usanidi kisichotenga kusoma na kubadili, atakitia alama na kuondoka akiwa na dhamiri safi.

Neno *tu* hufunga kile kinacholitangulia, na likiwa mwishoni mwa kirai linaweza kufunga nomino peke yake au kirai kizima. *Kusoma tu usanidi* huelekea zaidi kwenye tendo. Lakini msomaji wa haraka halitazami hilo, na katika mazungumzo hutofautishwa kwa mkazo wa sauti ambao maandishi hayana. *Pekee* halisaidii zaidi. Dawa ni kutamka katazo waziwazi: *ataona usanidi bila kuubadili*, au *asome usanidi, asiubadili*. Kwa jina la ruhusa kwenye menyu, ambako hakuna nafasi, *kusoma tu* inatosha, mradi kitu kinachosomwa kitajwe mbele, katika safu yake: *Usanidi: kusoma tu*.

Kukanusha nako kuna mitego. *Haruhusiwi kusoma na kuandika* inaweza kumaanisha kwamba amekatazwa yote mawili, au kwamba amekatazwa kuwa nayo yote mawili kwa pamoja. *Haruhusiwi kusoma wala kuandika* haina shaka. *Hawezi kubadili mipangilio yote* humwachia msomaji uwezekano kwamba anaweza kubadili baadhi. Kama hakuna hata mmoja, iandikwe *hawezi kubadili mpangilio wowote*. Kiambishi *-ote* na *-o -ote* vimetengana kwa herufi chache, na katika hati ya ruhusa herufi hizo ndizo mpaka.

Kitenzi *-weza* chenyewe kina kasoro. *Mtumiaji wa kikundi hiki anaweza kufuta kumbukumbu* ni tangazo la ruhusa au ni onyo kuhusu udhaifu wa mfumo? Katika maelezo ya ruhusa, *anaruhusiwa* liwe la kanuni na *anaweza* libaki kwa uwezo wa kiufundi. Hati inayoshika utengano huo tangu ukurasa wa kwanza humwezesha mkaguzi kuandika sentensi ambayo vinginevyo ingekuwa ngumu: *anaweza, ingawa haruhusiwi.*

“Jumuiya” na “priv”

Itifaki ya SNMP, inayotumiwa na programu nyingi kuuliza vifaa habari zake, imewapa wafasiri taabu ya pekee. Matoleo yake ya mwanzo hulinda kifaa kwa neno linaloitwa “community”. Miongozo ya Kiswahili huandika *jumuiya*, na si kosa kwa jina, lakini maelezo yanayofuata husema *ongeza kifaa kwenye jumuiya* kana kwamba ni chama cha kujiunga. Kwa hakika ni neno la siri linalotumiwa na wote kwa pamoja, na husafiri mtandaoni bila kufichwa. Vifaa vingi vilitoka kiwandani vikiwa na neno “public” kwa kusoma na “private” kwa kubadili. Maneno hayo mawili hayafasiriwi kamwe: kifaa hulinganisha herufi kwa herufi, na anayeandika *umma* hatajibiwa. Yanapaswa kubadilishwa, jambo ambalo ni tofauti na kufasiriwa.

Hapa pia neno *kuandika* hupunguza uzito wa jambo. Katika SNMP, kuandika ni kuweka thamani mpya katika kigezo, na kifaa hutii mara moja. Kigezo kiitwacho ifAdminStatus kikiwa 1, mlango wa swichi uko wazi kwa agizo la msimamizi. Mtu akikiandika 2, mlango umefungwa, na kila kilichounganishwa nyuma yake kimetoweka mtandaoni. Kwa msomaji asiye mtaalamu, *kuandika* ni kutia maneno kwenye faili. *Kubadili* humtahadharisha.

Toleo la tatu, lililofikia hadhi ya kiwango kamili mwaka 2002, lilileta watumiaji wenye majina, vikundi, na *mionekano*, yaani matawi ya habari ambayo kikundi kinaonyeshwa au kinafichwa. Muonekano wa kusoma na muonekano wa kubadili huwekwa mbalimbali, hivyo katazo linaloandikwa kwa maneno mengi katika agizo la chuo hapo juu lina mahali pake rasmi. Toleo hilo lina pia viwango vitatu vya ulinzi, na jina la cha juu kabisa ni authPriv. Mfasiri aliyetoka kwenye sura ya viwango vya Cisco, ambako “priv” ni kifupi cha mamlaka, huandika *uthibitishaji na mamlaka*. Hapa “priv” ni kifupi cha faragha: ujumbe umesimbwa ili asiyehusika asiusome. Kifupi kile kile, katika kurasa mbili za mwongozo mmoja, kina maana mbili zisizohusiana, na hakuna kamusi itakayomwokoa asiyesoma sentensi nzima.

Kimya

Kwa desturi ya ndoa ya Kiislamu inayofahamika sana pwani, binti anapoombwa idhini akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa kukubali. Orodha ya ufikiaji katika ruta huhesabu kinyume. Kanuni zake husomwa kutoka juu kwenda chini, ya kwanza inayolingana hufuatwa na zilizo chini yake hazisomwi. Ikiwa hakuna iliyolingana, jibu ni kukataa, ijapokuwa katazo hilo halionekani limeandikwa. Kwa hiyo mfasiri asiongeze *vinginevyo inaruhusiwa* kwa nia ya kukamilisha wazo ambalo mwandishi aliliacha likining'inia.

Mpangilio huu una athari kwa kiunganishi *isipokuwa*. *Ruhusu wote isipokuwa mtandao wa wageni* ni Kiswahili kizuri, na kwa binadamu hakina utata. Fundi akikiandika kwenye kifaa kwa mfuatano huo huo wa maneno, yaani ruhusu wote kwanza, kisha kataza wageni, wageni wataingia, kwa sababu kanuni ya kwanza imekwisha kuwakubali. Tafsiri ya maelekezo ya aina hii ifuate mpangilio wa kifaa hata kama sentensi itapoteza wepesi: *kwanza kataza mtandao wa wageni, kisha ruhusu waliobaki.*

Kuondoa, kufuta, kusimamisha, kutengua

Fundi wa mafunzo amemaliza miezi yake mitatu. *Futa mtumiaji* ni agizo la kuiondoa akaunti yenyewe. Katika baadhi ya programu kumbukumbu za zamani hubaki na namba isiyo na jina, na haijulikani tena nani alibadili nini mwezi wa pili. *Simamisha akaunti* huzuia kuingia lakini huacha jina. *Ondoa ruhusa* hugusa tendo moja moja, na huacha mlango wa kuingilia wazi. Kwa wadhifa, Kiswahili cha serikalini kimekwisha kutoa kitenzi, nacho ni *kutengua*: uteuzi hutenguliwa, mtu akabaki na jina lake na kumbukumbu zake, nafasi ikabaki na ruhusa zake ikimsubiri mwingine. Kitenzi *kubatilisha* kisitumiwe mahali hapa, kwa kuwa kubatilisha ni kutamka kwamba jambo halikuwa halali, na yote aliyoyafanya fundi yule katika miezi mitatu aliyafanya kwa idhini.